Programu ya picha za biashara Simiyu: Kuhifadhi ni rahisi, kuchuja ndiko kwenye gharama

MFANYABIASHARA wa Bariadi anayetafuta mnunuzi wa mpunga, ng'ombe au kiwanja siku hizi hutuma picha kwanza, bei hufuata baadaye. Kutokana na hali hiyo, wazo la kutengeneza programu ya simu ya kuhifadhi na kuonyesha picha za bidhaa za mkoa wa Simiyu ni rahisi kulinadi kwa yeyote mwenye akiba kidogo. Hata hivyo, mwekezaji atakayekadiria mradi wa namna hiyo kwa kuangalia malipo ya mafundi na nafasi ya kompyuta peke yake atakuwa amehesabu kipande kidogo cha gharama. Kipande kikubwa ni mishahara ya watu wa kuzitazama picha moja baada ya nyingine na kuamua ipi ipite na ipi izuiwe.

Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za Shinyanga na Mwanza, ndio unaoongoza nchini kwa pamba. Lakini pamba siyo bidhaa ya kuuza kwa picha. Hununuliwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) kwa bei elekezi, na mnunuzi mwenye akili hutaka kuishika kwa mkono, kwa kuwa pamba iliyotiwa maji au mchanga ili iongeze uzito hutokea vizuri tu mbele ya kamera. Dengu na choroko nazo katika misimu ya karibuni zimeingizwa katika mfumo wa stakabadhi ghalani na minada ya Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Kwa hiyo anayeota kwamba mazao hayo matatu yatapita katika programu yake na kumwachia kamisheni anajidanganya.

Kinachobaki, hata hivyo, siyo haba. Kuna mpunga na mahindi, mifugo ya Meatu na Itilima, samaki na dagaa wa Busega upande wa Ziwa Victoria, viwanja vya Bariadi mjini, matrekta ya mkono wa pili, pikipiki na mashine za kusaga. Bidhaa hizo kwa sasa huzunguka katika magrupu ya WhatsApp, ambako picha ya asubuhi huwa imefunikwa na salamu na matangazo ya misiba ifikapo jioni. Mnunuzi wa Mwanza anayetaka madume kumi hana pa kutafuta. Tatizo jingine ni kwamba fahali mmoja aweza kuonekana katika magrupu matatu akiwa na wenyewe watatu na bei tatu.

HESABU YA HIFADHI

Picha moja ya simu ya kawaida huwa na uzito wa megabaiti 3 au 4. Programu iliyotengenezwa vizuri huipunguza hadi kiasi cha kilobaiti 200 bila mnunuzi kuona tofauti yoyote katika kioo cha simu. Tuchukue mfano wa programu inayopokea picha 1,000 kwa siku, kiwango ambacho kwa mkoa mmoja ni cha kujivunia. Hiyo ni megabaiti 200 kwa siku, au gigabaiti 73 kwa mwaka mzima.

Kampuni kubwa za kukodisha hifadhi, kama Amazon ya Marekani, hutoza kiasi cha senti 2.3 za dola kwa kila gigabaiti moja kwa mwezi. Gigabaiti 73 ni chini ya dola 2. Kinachogharimu zaidi ni picha kutoka, yaani kila mara mtu anapoitazama. Kila picha ikitazamwa mara 100, kiasi kinachotoka ni gigabaiti 600 kwa mwezi. 100 za mwanzo hazilipiwi, zinazobaki hutozwa senti 9 za dola kila moja, na bili inafika dola 45. Ukijumlisha yote, mwisho wa mwaka wa kwanza hifadhi inagharimu kama dola 47 kwa mwezi, ambazo kwa kukadiria dola moja kwa Sh. 2,500 ni Sh. 117,500. Fedha hiyo mwenye duka la vipuri mjini Bariadi anaweza kuilipa bila kumshirikisha mtu.

Swali ambalo wengi huuliza hapa ni kwa nini kujisumbua, wakati zipo huduma za nje za kuhifadhi picha bure. Jibu limo katika yaliyowakuta waliozitegemea. Katikati ya mwaka 2017 kampuni ya Photobucket ya Marekani, iliyokuwa imewazoesha watu huduma ya bure kwa miaka mingi, ilianza kudai dola 399 kwa mwaka kwa yeyote anayetaka picha alizohifadhi kwake zionekane katika tovuti nyingine. Wauzaji wadogo wa eBay na Amazon waliamka na kukuta bidhaa zao zimebaki maelezo bila picha. Imgur, nyingine ya aina hiyo, mwezi Septemba 2025 ilifunga milango kwa watumiaji wote wa Uingereza wakati ikivutana na mamlaka ya nchi hiyo ya ulinzi wa taarifa kuhusu watoto wanaotumia huduma yake. Uamuzi hutolewa mbali, na muuzaji hana wa kumpigia simu.

NANI ATAZAME?

Mwenye mradi akishamaliza hesabu ya hifadhi, ndipo linapokuja suala la mchujo. Mtu mmoja akitumia sekunde 20 kwa picha moja, picha 1,000 humchukua saa 5 na nusu. Kwa haraka haraka inaonekana ni kazi ya mfanyakazi mmoja. Hesabu hiyo inapotoka katika jambo moja: picha hazifuati saa za kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Wiki ina saa 168. Anayetaka jicho la mtu liwe macho usiku na mchana, Jumapili na sikukuu, anahitaji watu wanne. Tukiwawekea Sh. 300,000 kila mmoja, hiyo ni Sh. 1,200,000 kwa mwezi, mara kumi ya bili ya hifadhi, na hapo hawajahesabiwa michango yao ya hifadhi ya jamii, kodi ya chumba wala umeme.

Watu hao hawawekwi kwa ajili ya mapambo. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizotolewa Machi 2018 chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta zilimpa mwenye huduma saa 12 za kushughulikia maudhui yaliyokatazwa baada ya kupewa taarifa. Kanuni mpya za Julai 2020 zilishusha muda huo hadi saa 2. Adhabu ni faini isiyopungua Sh. milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Taarifa ikiingia saa nane za usiku na mwenye programu amelala, saa mbili hizo zinakwisha kabla jogoo hajawika mara ya pili.

Upande mwingine, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, iliyoanza kutumika Septemba 1 mwaka huo, haimlazimishi mwenye hifadhi kupekua kila kinachowekwa na wateja, na humkinga alimradi hakujua na akaondoa mara alipojulishwa. Kinga hiyo ni ya kweli lakini ina mlango mmoja tu, nao ni kuondoa upesi. Inarudi pale pale kwamba lazima awepo mtu wa kuondoa.

PICHA ZENYE MADHARA

Watu wanaposikia kuchuja picha hufikiria kwanza picha za ngono. Hizo zipo na zitakuja, hata katika programu ya ng'ombe. Kwa upande huo kuna msaada wa mashine. PhotoDNA, iliyobuniwa mwaka 2009 na Microsoft pamoja na mtaalamu Hany Farid, aliyekuwa Chuo cha Dartmouth, huigeuza picha kuwa namba na kuilinganisha na orodha ya picha za udhalilishaji wa watoto ambazo tayari zinajulikana. Huduma hiyo hutolewa bure kwa wanaostahili. Zipo pia programu za kutambua utupu. Kasoro yake ni kwamba PhotoDNA hukamata kilichokwisha kuorodheshwa tu, na nyingine hukosea mara kwa mara.

Kwa mfanyabiashara, picha inayouma zaidi ni ya utapeli. Mpunga wa Kahama huonyeshwa kama wa Maswa. Kiwanja chenye mgogoro hupigwa picha upande ambao hauna nyumba ya jirani. Ujumbe wa malipo ya simu hubadilishwa tarakimu na kutumwa kama ushahidi kuwa fedha zimeingia. Picha ya bei ya zamani nayo ni hatari hata kama hakuna aliyekusudia ubaya: bei elekezi ya pamba ilikuwa Sh. 1,560 kwa kilo mwaka 2022 na ikashuka hadi Sh. 1,060 mwaka 2023, na karatasi ya msimu mmoja ikisomwa msimu unaofuata humpotosha mkulima kwa Sh. 500 katika kila kilo. Hakuna mashine iliyofundishwa kuyaona mambo hayo. Huyaona mtu anayelijua soko.

Ipo pia aina ya tatu, ambayo kwa Usukumani inastahili kupewa uzito kuliko zote. Kanda ya Ziwa ina historia chungu ya mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wakiponzwa na macho mekundu yaliyotokana na miaka mingi ya moshi jikoni. Ina pia historia ya mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino. Picha ya bibi mmoja akiwa amekaa mlangoni kwake haina kosa lolote kwa mashine, wala kwa mchujaji aliyeko Dublin au California. Mtu akiandika chini yake neno moja la Kisukuma, "nogi", yaani mchawi, na jina la kijiji, picha hiyo hiyo imekuwa hukumu. Vivyo hivyo kwa picha ya kijana anayedaiwa kuiba ng'ombe. Katika nchi ya sungusungu, ambako mwano ukipigwa kijiji kizima hutoka na silaha, picha hufika haraka kuliko mbio za miguu na haisubiri polisi.

Maelezo ya namna hiyo yasiposomwa na Msukuma hayatazuiwa na mtu. Hapa ndipo programu ndogo ya Bariadi inapoweza kuwa bora kuliko kampuni kubwa za ng'ambo, na ndipo mwenye mradi anapobeba mzigo ambao wao hawaubebi.

FUNZO LA NAIROBI

Kwamba kazi ya kuchuja ina gharama isiyoandikwa katika bili limeonekana karibu tu, nchini Kenya. Kampuni ya Sama iliajiri jijini Nairobi vijana wa nchi mbalimbali za Afrika kuchuja maudhui ya Facebook kwa niaba ya kampuni mama ya Meta. Februari 2022 jarida la Time la Marekani liliripoti kuwa baadhi yao walikuwa wakilipwa kiasi kidogo kama dola 1.50 kwa saa. Mei mwaka huo Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa mmoja wao, alifungua kesi. Januari 2023 Sama ilitangaza kuachana na kazi hiyo, na Machi wachujaji 184 wakaenda mahakamani kupinga kuachishwa kazi.

Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kuwa Meta inaweza kushtakiwa nchini humo. Desemba mwaka huo ilifahamika kuwa zaidi ya wachujaji 140 walikuwa wamepimwa na daktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na kukutwa na maradhi ya akili yatokanayo na mshtuko. Siku baada ya siku walikuwa wamekaa wakitazama watu wakichinjwa, watoto wakinajisiwa na miili iliyokatwakatwa.

Programu ya mifugo haitapokea uchafu wa kiasi hicho. Lakini utapokea, na mwajiri anayempa binti wa miaka 20 kazi hiyo usiku, peke yake, bila zamu wala mtu wa kuzungumza naye, anajitengenezea deni.

NJIA YA NAFUU

Kuna jambo moja ambalo linabadilisha hesabu yote. Facebook lazima ionyeshe picha papo hapo, la sivyo wateja wataondoka. Soko halina haraka hiyo. Gunia la mpunga lililopigwa picha usiku wa manane halina mnunuzi mpaka kupambazuke. Programu ikizishikilia picha zote hadi zitazamwe kwanza, zile za usiku zikasubiri saa moja asubuhi, watu wanne wanakuwa wawili.

Utaratibu huo siyo mgeni Tanzania. Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti, alipoanzisha mwezi Septemba 2005 akiwa Helsinki kile ambacho wasomaji walikuja kukiita Globu ya Jamii, picha kutoka kila pembe ya nchi na ughaibuni zilipitia mikononi mwake kabla hazijaonekana. Jicho la mhariri mmoja liliitosha kazi kwa muda mrefu.

Kwa watu wawili mahesabu yanakuwa hivi. Mishahara Sh. 600,000 na hifadhi Sh. 117,500 ni Sh. 717,500 kwa mwezi. Zikigawanywa kwa picha 30,000, kila moja inagharimu Sh. 24. Muuzaji akitozwa Sh. 50 kwa picha, programu inapumua. Shida ni mwanzoni. Picha zikiwa 100 tu kwa siku, hifadhi ni karibu bure, lakini mchujaji mmoja bado anadai Sh. 300,000 zake, na gharama ya picha moja inapanda hadi Sh. 100. Kwa bei hiyo muuzaji wa kuku atarudi WhatsApp. Mwekezaji mdogo anapaswa kuwa na fedha za kulipa mishahara ya mwaka mzima mkononi kabla ya kumlipa fundi senti moja. Wengi hufanya kinyume chake.

Yapo mambo mengine ya kupunguza mzigo ambayo hayana gharama kubwa. Tangu Januari 2020, ulipomalizika muda wa usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, kila namba inayotumika kihalali ina mwenyewe anayejulikana, hivyo kumruhusu kuweka picha yule tu aliyethibitisha namba yake hufukuza matapeli wengi. Picha yenye bei ipewe muda wa kuishi, tuseme siku 7, kisha ijifute. Nafasi ya maelezo iwe fupi na iwe na vipengele vya kujaza, yaani bidhaa, kiasi, kata na bei, kwa kuwa mtu asiye na pa kuandika hadithi hana pa kumtuhumu jirani.

Jambo jingine ambalo mafundi wengi hulisahau ni kwamba picha ya simu mara nyingi hubeba ndani yake alama za mahali ilipopigwa. Picha ya ng'ombe 40 ikiwa na alama hizo ni ramani ya kumpeleka mwizi hadi zizini. Programu inapoipunguza picha uzito inaweza pia kuziondoa, na haipaswi kuacha kufanya hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume na kuzilinda, na sura za watu na namba zao za simu ni miongoni mwa taarifa hizo.

LESENI NA HATARI NYINGINE

Mwaka 2018 leseni ya maudhui ilikuwa Sh. milioni 1, pamoja na ada ya maombi ya Sh. 100,000, marekebisho ya 2022 yalishusha ada ya leseni hadi nusu. Kanuni hizo zililenga zaidi habari, burudani na mafundisho. Mwenye programu ya picha za mifugo afanye busara ya kuiandikia Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) mapema na kutunza jibu lake, maana kuwa na barua mkononi ni nafuu kuliko wakili.

Aidha, hatari ya kusimamishwa ipo hata kwa waliokomaa. JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006 na kujengwa juu ya michango ya watumiaji, ilijifunga kwa wiki kadhaa Juni 2018 kutokana na masharti ya usajili, na Septemba 6, 2025 TCRA ilisimamisha leseni yake kwa siku 90. Mwezi uliofuata, kuanzia siku ya uchaguzi, Oktoba 29, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Biashara inayotoza Sh. 50 kwa picha haina faida ya kufidia siku hizo, huku mishahara ikiendelea kuhesabiwa.

Kwa anayetaka kuanza, msimu nao una neno. Wakulima wa Simiyu hushika fedha za pamba kuanzia Mei, na miezi inayofuata ndiyo ya kununua ng'ombe, mabati na pikipiki. Programu inayofunguliwa Novemba, wakati watu wamo mashambani na mifuko imekauka, itawalipa wachujaji miezi sita kutazama picha chache. Inayofunguliwa Aprili, wachujaji wakiwa wamekwisha kufundishwa na bei zikijulikana, hukutana na soko likiwa na fedha.